Mtani Amekula Bunju

Nurdini aliporudi kutoka Kwihara Jumapili ile, saa nane mchana, pampu ya hewa ilikuwa ikinguruma kama kawaida, taa ya tangi inawaka, na konokono watatu wanatambaa juu ya kioo bila wasiwasi. Hao konokono ndio waliomshtua. Katika tangi lile hakuna konokono aliyewahi kuiona adhuhuri.

Akainama, akachungulia nyuma ya mawe, akatazama ndani ya kipande cha mtungi ambamo samaki wake alipenda kujilaza. Hamna kitu. Kifuniko kilikuwa kimerudishwa vizuri mahali pake, na juu yake imewekwa miguu miwili ya kuku, mikavu, inanuka moshi, imefungwa pamoja kwa uzi mwekundu.

Aliijua miguu ile. Ilikuwa ya jogoo wa mtani wake Anton, jogoo ambaye yeye Nurdini alimchukua wiki mbili zilizopita bila kuomba, akamchinja, akamla, na miguu akampelekea mwenyewe kama salamu.

"Shamila!" aliita. Mkewe alikuwa uani anaanua nguo. "Samaki yuko wapi?"

"Mtani wako kamchukua," Shamila alijibu huku anacheka. "Kapita na ndoo akitoka kanisani. Kaniambia, shemeji, nimekuja kudai jogoo wangu. Nikamwambia chukua, mtani hanyimwi."

"Saa ngapi?"

"Saa sita hivi. Kwani vipi? Mbona umepauka?"

Jibu lenyewe lilikuwa la aibu. Samaki yule alikuwa bunju wa mtoni, yule anayevimba tumbo akitishwa, na bunju ni sumu. Watu wa pwani wanalijua hilo tangu utotoni, lakini Tabora ni mbali na pwani. Hapa watu wanajua perege, kambale, migebuka na dagaa wa Kigoma, na samaki yeyote mwenye mnofu wanamhesabu kuwa kitoweo. Vedasto, mvuvi wa mto Malagarasi aliyemleta kwa treni kutoka Uvinza ndani ya ndoo, alimshika Nurdini bega siku ile na kumwambia: mtazame utakavyo, lakini asiliwe, na maini yake hata paka asiyalambe. Hiyo ilikuwa miaka minne iliyopita, samaki akiwa wa kukaa kiganjani. Sasa alikuwa amefikia urefu wa kandambili ya mtu mzima. Na kwa miaka yote hiyo Nurdini hakumwambia mkewe neno la sumu, kwa kuwa alijua Shamila asingekubali kitu cha namna hiyo kikae sebuleni na watoto wanapita. Alimwambia ni samaki wa pambo. Mwanamume akipenda kitu, uongo haumshindi.

Na alimpenda kweli. Yeye ni fundi wa redio na televisheni pale mtaa wa Ng'ambo, na ufundi wake wote aliumwaga kwa samaki yule. Tangi alilitengeneza kwa vioo vinene vya dirisha la duka. Aliweka betri ya sola ili umeme ukikatika pampu isisimame. Maji ya bomba aliyaacha kwenye pipa siku mbili mpaka harufu ya dawa iishe, ndipo ayamimine. Kila asubuhi alimpa konokono kumi kutoka bwawa la Igombe, wenye magamba yao, kwa sababu meno ya bunju hayaachi kukua, yako kama kucha, na asipopata kitu kigumu cha kuvunja yanamziba mdomo akafa njaa huku chakula anakiona. Kiangazi kimoja konokono waliadimika, akamlisha nyama laini mwezi mzima, meno yakarefuka. Nurdini alimfunga kwa kitambaa kibichi na kuyapunguza kwa koleo dogo la kukatia nyaya, na samaki anamtazama kwa jicho moja lililokuwa likizunguka peke yake. Kuanzia siku hiyo alimwita Mtemi, kwa tumbo lake na kwa jinsi alivyojua kudai haki yake.

Akampigia Anton simu.

"Haloo, mbeba mizigo!" Anton alipokea. Nyuma yake palikuwa na sauti za watu na mlio wa kitu kinachokaangwa.

"Anton, nisikilize. Usimle yule samaki. Ana sumu."

Anton akaangua kicheko. "Jamani, msikieni huyu! Anasema samaki ana sumu!"

"Wallahi, Anton, haki ya Mungu..."

"Na mimi nilikwambia nini kuhusu jogoo? Si nilikupigia nikakwambia kala sumu ya panya? Uliacha kumla?"

Hakuacha. Alicheka mpaka akapaliwa, paja la jogoo mkononi.

"Maini yake nimeshayatia kwenye mafuta," Anton akaendelea, anafurahi kama bwana harusi. "Mtemi wenu ana maini makubwa, ndugu yangu, utadhani ya mbuzi. Haya, kwaheri. Utaletewa mkia."

Simu ikakatika. Alipiga tena, haikupokelewa. Akapiga tena. Shamila alikuwa amesimama mlangoni na shuka mkononi, na amesikia kila kitu.

"Sumu?" aliuliza. "Umetuwekea sumu sebuleni?"

Nurdini alikuwa tayari juu ya pikipiki.

Lazima isemwe hapa utani wenyewe ulivyo, maana bila huo mtu atawaona hawa wote ni wendawazimu. Nurdini ni Mnyamwezi, Anton ni Mgogo. Wazee wanasema babu zao walijuana njiani, enzi za misafara: Wanyamwezi wanapita Ugogo na mizigo kichwani, Wagogo wanawatoza hongo kwa kila tone la maji, wakagombana mpaka wakachoka, na ugomvi ulipochoka ukawa utani. Mtani huingia kwako akachukua anachotaka. Mtani hukutukana mbele ya wakwe na ukatabasamu. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja msibani kukucheka ili wafiwa wapate kupumua. Baba yake Anton alipofariki, Nurdini alivaa koti la marehemu, akagaagaa chini, akalia machozi ya uongo karibu na jeneza na kumwambia maiti, "Inuka, mvivu wewe, mbuzi wako wanakula shamba la watu." Hata mjane alicheka. Kwa miaka kumi na miwili Nurdini na Anton hawakuwahi kuzungumza kwa lugha nyingine.

Lugha hiyo ndiyo iliyomtafuna rohoni njia nzima kwenda kwa Anton, Ipuli. Kwa sababu Anton aliwahi kumwuliza. Ilikuwa siku ya kawaida, alisimama mbele ya tangi, pua karibu na kioo, akamtazama Mtemi anavyovunja konokono, kisha akageuka na kuuliza taratibu, bila mzaha wowote usoni: "Hivi huyu analiwa?" Palihitajika neno moja tu. Nurdini akajibu, "Analiwa sana, ila si na Mgogo. Mgogo atapata wapi maji ya kumchemshia?" Wakacheka wote wawili, wakagongana viganja, na swali likafia hapo. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Alikuwa anaendesha na machozi yanamtoka pembeni kwa upepo na kwa hofu, na mdomo wake unarudia, "Yarabi, asiwe ameonja. Yarabi, asiwe ameonja."

Anton ni fundi wa kuchomelea mageti, na uwanja wake umejaa vyuma. Nurdini aliitupa pikipiki katikati ya vyuma hivyo na kuingia mbio. Chini ya kibanda cha bati walikuwa wamekaa Benedikta, mkewe Anton, na wageni wawili wa jumuiya yao ya kanisa. Ugali ulikuwa umeshapakuliwa. Anton mwenyewe, bonge la mtu, shati lake la kanisani limekunjwa mikono, alisimama karibu na jiko na mwiko mkononi. Sufuria la mchuzi linatokota.

"Karibu, mfiwa!" alisema Anton.

"Mmekula?"

"Tunakusubiri wewe useme sala."

Nurdini alilipiga sufuria teke. Mchuzi ukamwagika mchangani, vipande vyeupe vya Mtemi vikaviringika kwenye majivu. Wageni wakapiga vigelegele. Mtani ana haki hiyo. Hakuna aliyekasirika, hata Benedikta alikuwa anajipangusa matone kwenye kitenge huku anatikisa kichwa.

"Anton, yule ni bunju. Anaua. Naapa kwa Mungu, sikutanii."

"Sikutanii!" mgeni mmoja akarudia, na wote wakaangua kicheko, kwa kuwa hilo ndilo neno la kwanza analosema mtani yeyote.

Hapo Nurdini alilia. Alilia kweli, kwa sauti, kamasi zinamtoka, akaanguka kwa magoti kwenye mchuzi. Wakampigia makofi.

"Leo kalia vizuri kuliko msiba wa baba mkwe!" alisema Benedikta.

Kila alichokuwa nacho cha kuonyesha ukweli alikuwa ameshakitumia zamani kwa mchezo. Kiapo alikitumia. Machozi aliyatumia. Alitazama nyuso zile zinazocheka na akaogopa kama mtu anayepiga kelele ndani ya tangi la kioo.

"Umechelewa hata hivyo," Anton alisema. "Maini nimeshayala, ulipokuwa unapiga simu. Matamu." Kisha akajipapasa midomo kwa vidole. "Ila yananichezesha midomo. Ni kama nimelamba betri."

Wageni wakacheka zaidi.

"Na ulimi umekuwa mzito." Anton akapiga hatua mbili, goti likamkunjika, akakaa chini kwa kishindo, miguu mbele kama mtoto. Mgeni mmoja akashika mbavu kwa kucheka. Anton akafumbua mdomo aseme neno, likatoka limelegea, halina umbo.

Na Nurdini, Mungu amsamehe, hakumwamini. Aliyejua ukweli peke yake katika uwanja ule alimtazama rafiki yake na kufikiri: ananiigiza. Nimemwambia sumu, sasa ananifia mbele yangu ili anikomeshe. Pengine hata hayo maini hakuyala. Hasira ikampanda, na nyuma ya hasira ikaja nafuu tamu. Akajifuta kamasi kwa mkono wa kanzu.

"Haya, umenipata," alisema. "Inuka."

Anton hakuinuka. Nurdini akasimama na mikono kiunoni, akimngoja achoke. Dakika tatu au nne zilipita namna hiyo. Inzi mmoja alitoka kwenye mchuzi uliomwagika, akatua kwenye mdomo wa Anton. Akatembea juu ya mdomo. Akapanda kwenye tundu la pua, akasimama pale, akaingia. Mkono wa Anton ulitikisika mapajani, ukajaribu kunyanyuka, ukashindwa. Macho yake yakamtazama Nurdini, na katika macho yale hapakuwa na mzaha hata chembe. Yalikuwa macho ya mtu anayezama.

"Bajaji!" Nurdini alipiga ukelele. "Leteni bajaji!"

Kicheko kilikatika kama umeme. Benedikta alitazama mumewe, akatazama ugali, akatazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa karibu kuchovya, na akaanza kupiga yowe lisilo na maneno.

Hospitalini daktari alikuwa binti wa rika la mdogo wake Nurdini, mwenye miwani. Alisikiliza neno "bunju" mara moja tu, hakuuliza la pili, akaanza kukimbia. Walipomlaza Anton kitandani kifua chake kilikuwa kinapanda kidogo sana, na macho yalikuwa yamefumba, kope hazifunguki tena. Wakampitisha bomba kooni. Mashine ya kupumulia ilikuwa kwa mgonjwa mwingine, wakaleta mpira wa kubana kwa mkono.

"Sumu hii haina dawa," daktari aliwaambia. "Inalaza misuli yote, hata ya kupumua. Tukimpumulia sisi mpaka iishe mwilini, atapona. Tukiacha hata kidogo, hatapona. Ni mpaka kesho, na nina wauguzi wawili tu."

"Nionyeshe," alisema Nurdini. "Mimi ni fundi."

Akaonyeshwa. Bana, hesabu, achia. Bana, hesabu, achia. Kifua cha Anton kikawa kinapanda kwa mkono wake, na kila kiliposhuka moyo wa Nurdini ulishuka nacho, ukingoja kama kitapanda tena.

"Daktari," alinong'ona Benedikta, "amezimia?"

"Hapana. Hili ndilo baya lake. Hawezi kufumbua jicho wala kutikisa kidole, lakini akili haiguswi. Anasikia kila tunalosema."

Nurdini aliposikia hivyo neno lilimjaa kooni. Aliinamia sikio la Anton ili aliseme: uliniuliza kama analiwa, nikakujibu utani, nisamehe. Alilihitaji neno lile litoke kuliko alivyohitaji maji. Lakini Benedikta alimshika mkono.

"Usimwombe msamaha," alisema kwa sauti ya chini, machozi yanamtiririka. "Nakuomba, mtani. Hujawahi kumwomba msamaha tangu mjuane. Ukimwomba leo, atajua anakufa, na roho itakata kwa hofu. Mtanie. Mtanie kama siku zote, ajue hakuna kitu."

Nurdini alimeza msamaha wake. Uliteremka kama tonge la ugali mkavu. Kisha akabana mpira, akaachia, na akaanza.

"Mgogo wewe, hata kupumua unataka upumuliwe? Mmezoea vya bure." Sauti ilimtetemeka, akaikaza. "Babu zako walitoza hongo ya maji, wewe unatoza hongo ya hewa. Lala tu, mvivu. Mageti ya watu yanakungoja huko, nitayachomelea mwenyewe, na yote yatapinda."

Nyuma yake Benedikta alijaribu kucheka, kicheko kikageuka kilio, akajiziba kwa kitenge. Wageni wa jumuiya walikuwa wamekuja nao, wamesimama ukutani wanasali rozari kwa sauti ya chini, Salamu Maria baada ya Salamu Maria. Nurdini alitania juu ya kilio na juu ya sala. Alitania mpaka akaishiwa, akarudia ya zamani. Vidole vyake vilipata malengelenge. Muuguzi alimpokea, akapumzika kidogo, akarudi, akatania tena. Kila utani ulimtisha kuliko uliotangulia, lakini kunyamaza kulimtisha zaidi. Usiku ulipita hivyo, na asubuhi yote ya Jumatatu.

Saa sita mchana kidole gumba cha Anton kilitikisika. Saa nane alifumbua macho. Alasiri, daktari alitoa bomba, akasikiliza kifua chake kwa muda mrefu, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza, akaenda kukaa chini kwenye korido.

Benedikta alipiga magoti. Nurdini aliinama juu ya kitanda, mwili wote unauma, furaha imempanda kichwani, na utani alikuwa nao tayari mdomoni: kwamba hata ahera wamemkataa Mgogo.

Anton alinyanyua vidole viwili kumzuia.

"Jana," alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, pumzi moja kwa neno moja. "Ulikuwa unanitania."

"Ndiyo. Ulisikia?"

"Nilisikia. Macho hayafunguki. Mwili siuoni. Nasikia tu." Akapumzika. "Benedikta analia. Watu wanasali. Na wewe unanitania."

Benedikta aliweka mkono mdomoni.

"Nikajua nimekufa," alisema Anton. "Nikajua huu ni msiba wangu. Watani wamefika. Nilipiga kelele, Nurdini. Humu ndani. Mimi mzima, msinizike. Wewe ukazidi kutania." Midomo yake ilitetemeka. "Jana yote, usiku wote, nilikuwa nasubiri udongo."

Utani wa Nurdini ulimfia mdomoni, na nyuma yake likabaki lile neno alilolimeza.

"Nisamehe, Anton," alisema. "Uliniuliza kama analiwa. Nilijua, nikakutania. Nisamehe."

Chozi lilitoka kwenye jicho la Anton likateremka mpaka sikioni, na mkono wake haukuwa na nguvu bado za kulifuta.

"Neno hilo ungelisema jana," alisema, "ningejua mimi ni mzima. Maiti haombwi msamaha na mtani."

Nurdini aliketi ukingoni mwa kitanda, akamfuta chozi lile kwa ncha ya kanzu yake.